Refa na Kibendera

Msikilizaji, uwe Othaya, Mukurwe-ini au Karatina, leo nazungumzia michezo ya vijana viziwi. Wao hawanisikii, najua, ndiyo maana nasema nawe unayeishi nao.

Tumutumu, karibu na Karatina, kuna shule ya viziwi; Kerugoya pia ipo. Muhula ukiendelea, kijana wa Othaya anayesoma huko ana timu, marafiki na utani wa uwanjani. Shule zikifungwa anarudi nyumbani kwenye mashamba ya chai, na jioni wenzake wakicheza yeye ameegemea mlingoti wa goli. Hakuna aliyemfukuza. Kiwanja hakina kiingilio wala ngazi. Lakini pasi huombwa kwa sauti na refa hupuliza kipenga. Siku aliyojaribu kuingia, aliendelea kukimbia na mpira wenzake wakiwa wamesimama, watu wakacheka. Hakurudi.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, na cha 56 kinawalinda walio wachache. Sisi tumezoea kuwahesabu wachache kwa kabila. Huyu kazaliwa Othaya, wazazi wake ni wa Othaya, na bado ni mchache kwa lugha, tena mezani kwa mama yake.

Viziwi wenyewe walishapata ufumbuzi zamani. Michezo yao ya dunia, Deaflympics, ilianza Paris mwaka 1924. Katika soka yao refa hupeperusha bendera. Katika mbio fupi, taa humulika badala ya bastola kulia.

Kwetu kitambaa chekundu kinatosha. Refa apulize kipenga huku akiinua kibendera, na wasaidizi wake pembeni wainue vyao papo hapo, maana mchezaji aliyempa refa mgongo hamwoni. Kumpigia kiziwi kelele sikioni hakufai, mguse begani. Kisha timu ikubaliane ishara chache: nipe, rudi, una mtu nyuma. Mwalimu wa ishara hizo mnaye tayari, ni kijana huyo huyo. Mpeni dakika kumi kabla ya mechi, na nahodha awe wa kwanza kujifunza.

Jambo jingine: msimtupe golini kwa sababu tu hakuna mwingine anayetaka kukaa pale. Muulizeni huko shuleni anacheza namba ngapi.