Ewa Pajor na Subira ya Mfungaji

Ye yote atakayeipima sifa ya Ewa Pajor, mshambuliaji wa Poland, kwa vikombe vya Ulaya alivyovikosa, atakuwa amemdhulumu. Kwani katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya mwaka 2023 mjini Eindhoven, akiichezea Wolfsburg ya Ujerumani, alipachika bao mapema katika dakika ya 3, timu yake ikaenda mapumziko ikiongoza 2 bila, kisha Barcelona wakageuza mambo na kushinda 3 kwa 2. Mwaka uliofuata akahamia kwa Barcelona hao hao, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi ya Hispania kwa mabao 25.

Lakini lililo adhimu zaidi, kwa rai yangu, ni la Vienna, tarehe 3 Desemba 2024, siku aliyotimiza umri wa miaka 28: Poland, ambayo wanawake wake hawakuwahi kuingia fainali za Ulaya wala za Dunia, ilikuwa ikihifadhi kwa taabu bao 1 la mechi ya awali dhidi ya Austria, naye katika dakika za nyongeza akafunga bao lililokata shauri la kufuzu fainali za Ulaya. Julai 2025, katika fainali hizo huko Uswisi, wakaishinda Denmark 3 kwa 2, Pajor akiwa miongoni mwa wafungaji. Huyu astahili kuhesabiwa katika safu ya kwanza ya washambuliaji wa zama zetu.