Alizeti, Mtugutu na Nyuki

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo liwahusulo sana: sababu ya vichwa vya alizeti kuwa na mbegu tupu.

Wenyeji wa Singida na Dodoma walijua jambo hili. Shamba laweza kupendeza machoni, lakini siku ya kupura yakaonekana maganda yasiyo na kiini. Ukame na udongo uliochoka huweza kuleta hasara hiyo. Lakini iko sababu nyingine tuisahauyo mara nyingi, nayo ni uhaba wa nyuki.

Kichwa cha alizeti si ua moja, bali ni mamia ya maua madogo yaliyokusanyika. Hayo huanza kufunguka ukingoni, yakaendelea siku kwa siku mpaka katikati. Kila ua hutoa kwanza unga wake wa njano, yaani chavua, ndipo baadaye liwe tayari kupokea chavua ya jingine. Unga huo hunata, wala upepo hauuchukui vema. Mchukuzi wake ni nyuki.

Basi tujiulize: alizeti huchanua majuma machache tu, kisha hufa. Miezi mingine nyuki ale nini? Hapo ndipo ifaapo mimea ya asili idumuyo. Mmoja ni mtugutu, ndugu wa alizeti kwa ukoo. Alizeti asili yake ni Amerika ya Kaskazini, bali mtugutu ni wa Afrika hasa. Majani yake ni machungu, lakini maua yake madogo meupe hupendwa na nyuki. Huishi miaka mingi, na kipande cha tawi kikichomekwa ardhini wakati wa mvua huota. Yafaa upandwe mipakani na kandokando ya vijito.

Tena, vichaka visichomwe moto ovyo. Dawa ya wadudu isinyunyizwe mchana, hali maua yamefunguka na nyuki wamo kazini. Na mizinga itundikwe mbali na nyumba na njia za watoto, ili faida isigeuke kuwa msiba.

Wahenga walisema, Fuata nyuki ule asali. Nasi twaongeza: Mtunze nyuki upate mafuta. Walimu na waanze katika bustani za shule, wazee na wasimamie mipaka ya mashamba. Mizani ya mavuno ndiyo itakayotoa hukumu juu ya maneno yetu.