Rangi ya Choo na Afya ya Mwili



Jambo tulilokusudia kulizungumza leo ni lile ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni rangi ya choo kikubwa. Haya ni pambo la muumini, lakini isiwe sababu ya mtu kuficha ugonjwa mpaka ukamshinda tabibu. Dini yetu imetufundisha hata adabu za kuingia chooni. Basi si aibu kujua yale yanayotuarifu hali ya miili yetu.

Kwanza yafaa tujue asili ya rangi yenyewe. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Hapo hutoka rangi ya manjano, ambayo ini huitia katika nyongo. Nyongo humiminika utumboni, na huko bakteria huigeuza rangi hiyo kuwa kahawia. Chakula nacho hubadili rangi: mboga za majani hutia kijani, na bitiruti huleta wekundu. Mabadiliko hayo huondoka baada ya siku chache, wala hayana madhara.

Lakini ziko rangi tatu ambazo haifai kuzipuuza.

Ya kwanza ni nyeusi kama lami, yenye kunata na kunuka vibaya mno. Mara nyingi hiyo ni damu iliyovuja tumboni. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito navyo hutia weusi, ila choo hicho hakinati wala hakinuki namna ile. Sababu kubwa ya damu hiyo ni vidonda vya tumbo. Zamani ilidhaniwa kwamba vidonda huletwa na wasiwasi na pilipili. Mwaka 1982 matabibu wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria anayevisababisha, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo hutibika kwa dawa. Sababu nyingine ni aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wazee wetu huzinunua dukani kwa maumivu ya magoti na kuzimeza kila siku bila kumwuliza daktari. Mwenye choo cha namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ya pili ni nyekundu. Wengi husema, "Ni bawasiri tu," wakanyamaza. Huenda ikawa bawasiri kweli. Lakini huenda pia ikawa kuhara damu, au kichocho cha tumbo ambacho ni kingi kandokando ya Ziwa Victoria, au saratani ya utumbo mpana. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, yaweza kutibika na kupona. Basi bawasiri na ithibitishwe na daktari, si na jirani.

Ya tatu ni nyeupe, au ya kijivu kama udongo wa mfinyanzi. Maana yake ni kwamba nyongo haifiki utumboni. Kwa mtu mzima yaweza kuwa mawe ya nyongo, ugonjwa wa ini au uvimbe wa kongosho. Kwa mtoto mchanga jambo hili ni la haraka zaidi. Mtoto ambaye choo chake ni cheupe, au ambaye macho yake bado ni ya manjano baada ya siku 14, asiachwe kuanikwa jua tu nyumbani. Huenda mirija yake ya nyongo imeziba. Upo upasuaji ulioanzishwa na Morio Kasai wa Japani, nao hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Kila juma linalopotea huliharibu ini lake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, akina mama watazame nepi za watoto wao, na sisi tuwaulize wazee wetu kwa upole, kwani wao hawatasema wenyewe. Na tukiulizwa na daktari tujibu kweli bila kuficha.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema. Amin.