MCHANGO SI KODI: TUFUNDISHE WATOTO WETU KUTOA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi wa Sange)



Leo sikuja kusema juu ya wakubwa wala juu ya viti vyao. Nimekuja kusema juu ya watoto wadogo, wale wa miaka mitatu, minne, sita. Tunapashwa kuwafundisha kutoa wakiwa bado wadogo, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi.

Najua neno ambalo wengi wenu mnalo moyoni. Mnasema: "Sisi ni maskini. Mtoto wangu ana kaptula moja. Atatoa nini?" Wandugu, neno hilo lina hatari, na nitawaambia sababu.

Tangu vita vya 1996 watoto wengi wa bonde hili la Ruzizi wamekua ndani ya mistari. Mstari wa unga, mstari wa mafuta ya kupika, mstari wa sabuni. Mtoto anashika kikaratasi chake na kungoja. Simlaumu mtu. Mwenye njaa ale. Lakini kama somo la mstari ndilo somo moja tu analolijua, mtoto ataamini kwamba yeye hana kitu, na kwamba kitu chema kinatoka mbali siku zote. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Lakini mtu aliyezoea kungoja tu hajapata uhuru moyoni mwake. Mtoto anayetoa hata muhogo mmoja anajua hivi: mimi pia ni mtu, mimi pia nina kitu.

Tena si kweli kwamba sisi ni watu wa kupewa tu. Tukumbuke. Mwaka 1996 na miaka iliyofuata, wengi wetu tulivuka kwenda Burundi na Tanzania, tukalala katika nchi za wengine. Nyuma yake, mwaka 2015, Warundi ndio waliovuka Ruzizi wakikimbia fujo za kwao. Wengi walipita hapa Sange mbele ya kupelekwa kambi ya Lusenda, kule Fizi. Wengine walipokelewa katika nyumba za watu, na nyumba zile hazikuwa za matajiri. Zilikuwa nyumba kama hizi zetu. Kutoa ni moyo, si utajiri. Je, watoto wenu wanazijua habari hizi? Mmewaeleza?

Na usiku wa tarehe 2 Julai 2010, nani katika Sange anaweza kuusahau? Gari la mafuta lilianguka kando ya barabara kubwa, mafuta yakamwagika, watu wakakaribia, moto ukalipuka. Wengine hata hawakukaribia mafuta. Walikuwa wamejaa katika nyumba ya sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Watu zaidi ya 230 walikufa, na kati yao watoto wengi. Walizikwa pamoja katika makaburi makubwa. Wenye kuungua walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu. Serikali ilitangaza siku za maombolezo, na wageni wakubwa walikuja, kisha wakarudi kwao. Lakini yatima halelewi kwa hotuba. Yatima analelewa kwa sahani ya jirani, leo, kesho, na mwaka ujao. Mtoto aliyekuwa na miaka sita usiku ule, leo ni mtu mzima, pengine ni mzazi. Anachokijua juu ya kutoa, alikiona kwa macho yake katika nyumba zetu siku zile.

Basi, tufundishe namna gani? Kwanza nitasema namna isiyofaa.

Wazee wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, wakati wa Mobutu. Kutumika pamoja ni jambo jema. Mababu zetu walisaidiana kulima na kujenga mbele ya Mobutu kuzaliwa. Lakini kazi ile ilipogeuzwa kuwa amri, mtu alishika jembe kwa kuogopa adhabu, na moyo ukatoka ndani yake. Wabelgiji nao walikuwa wamewalazimisha baba zetu kulipa kodi na kulima pamba. Pamba ilitoka, lakini hakuna aliyejifunza ukarimu kwa pamba ile. Ni vivyo hivyo kwa mtoto. Ukimnyang'anya kitu chake kwa fimbo na kumpa mwenzake, hujamfundisha kutoa. Umemtoza kodi. Kesho ataficha.

Sasa namna inayofaa.

La kwanza, mtoto atoe kitu chake mwenyewe. Mwaka 2012 wataalamu wa Kanada walitangaza jaribio walilolifanya juu ya watoto wasiofika miaka miwili. Waliwapa biskuti, kisha wakatazama nyuso zao. Watoto walifurahi zaidi walipotoa kuliko walipopokea. Tena walipotoa biskuti ya bakuli lao wenyewe, walifurahi kuliko walipotoa iliyokuwa ya mtu mwingine. Mmeona? Furaha ya kutoa tayari iko ndani ya mtoto. Kazi yetu ni kutoizima.

La pili, apeleke kwa mkono wake. Tuseme jirani amefiwa. Mama anapima unga wa mihogo na sombe kwa ajili ya kilio. Asipeleke peke yake gizani. Amwite mtoto, amwambie: "Na wewe, unapeleka nini?" Mtoto akichagua ndizi moja katika zile alizopewa, hiyo ndizi ni mchango kamili. Abebe mwenyewe, aseme pole mwenyewe, aone uso wa mfiwa.

La tatu, tusipige ngoma. Mtoto akisifiwa mbele ya watu kila mara, atatoa palipo watu, na pasipo watu atapita. Mwambie neno moja tu: "Mama fulani alikula jioni kwa sababu yako." Hilo linatosha. Wala tusimwaibishe mtoto anayepewa, kwa maana kesho zamu ni yako. Tuliona Uvira mwezi wa Aprili 2020: mto Mulongwe ulifurika, na maelfu ya watu wakakosa nyumba kwa siku moja. Aliyelala jana juu ya kitanda chake, leo aliomba mkeka.

La nne ni lenu, wandugu wa machimbo. Ninyi mnaochimba zahabu kule Kamituga na Misisi, mnajua mchango kuliko sisi. Shimo likianguka juu ya mwenzenu, hamngoji barua ya mtu. Mnakusanya feza, mnampeleka kwao azikwe. Lakini mtoto wako aliye hapa Sange anajua nini juu ya jambo hilo? Anajua tu kwamba baba ametuma franka, au hakutuma. Mwambie! Ukituma feza, sema: "Hizi ni za chakula, hizi ni za masomo, na hizi kidogo mwanangu ampelekee bibi wa jirani." Namna hiyo utamlea mtoto hata ukiwa mbali.

Mamama, ninyi mnaocheza likelemba mnajua: leo ninampa huyu, kesho zamu yangu. Ni jambo jema. Lakini mfundisheni mtoto pia kumpa yule asiyeweza kurudisha, kwa maana mzee kipofu hana zamu.

Mwisho, wandugu, tujitazame. Mtoto hasikii sana maneno, anatazama. Akimwona baba anageuza uso mwombaji anapopita, atageuza wake. Akimwona baba mwenye deni akiendelea kumwekea mgeni bugali mbele, hatahitaji somo langu.

Basi jioni hii, mkifika nyumbani, msianze kwa hotuba. Mchukue mtoto kwa mkono, mwende naye mlango mmoja mliouacha siku nyingi bila kuubisha, naye abebe kitu.