Tone la damu kisiginoni: selimundu iwe ajenda ya vijana

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Morogoro mjini. Wengi mliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Niliambiwa niongelee Katiba kwa sababu nasoma sheria. Nitafika huko, msiwe na wasiwasi. Ila naomba nianzie Matombo.

Kwa wageni, Matombo ni upande wa mashariki wa milima yetu ya Uluguru, ukitoka hapa mjini kwa barabara ya Kisaki. Ndiko kwao mama yangu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alizaliwa huko mzima kabisa, mnene, anacheka na kila mtu. Alipofika miezi minane, viganja na miguu vikaanza kuvimba. Analia usiku kucha. Mama mdogo akamfunga mgongoni, akapanda bodaboda mpaka zahanati, akapewa dawa ya malaria. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Na uliofuata.

Nyumbani maneno yakaanza. Mnajua sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wa lukolo lake. Basi na lawama zikaenda huko huko: ni damu mbaya ya kwao mama. Wengine wakasema karogwa. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale.

Alikuja kupimwa selimundu akiwa na miaka mitatu, baada ya kuletwa mjini ameishiwa damu. Miezi mitano baadaye akapata homa jioni. Hakufika asubuhi.

Siwaambii haya ili mnionee huruma. Na wala simlaumu yule muuguzi wa zahanati. Hakuwa na kipimo. Mtu asiye na kipimo, mbele yake kuna mtoto mwenye homa na yuko eneo la mbu, atatibu malaria. Wewe ungefanya nini?

Sasa tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana hata sisi tuliosoma tunauogopa kwa jina tu. Selimundu, au siko seli, ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, zinapinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo na zinakufa mapema. Ndiyo maumivu, ndiyo upungufu wa damu. Mtoto anaupata pale tu anaporithi kinasaba hicho kutoka kwa baba NA kwa mama. Akirithi kwa mmoja, anakuwa mbebaji, anaishi maisha yake kama kawaida. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba, jamani. Sio kwamba ukishapata mmoja basi watatu waliobaki wamesalimika.

Kwa hiyo ile "damu mbaya ya kwao mama" ni uongo wa kisayansi. Baba alichangia nusu.

Na kwa nini hapa kwetu uko mwingi? Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na malaria kwa vizazi na vizazi, wabebaji walipona zaidi na kinasaba kikabaki. Ndiyo maana Tanzania inahesabiwa miongoni mwa nchi tano zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wetu ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Na bila kugundulika mapema na kupata huduma, inakadiriwa nusu yao au zaidi hawafikishi miaka mitano.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Kinachookoa watoto hawa katika miaka ya mwanzo wala hakihitaji ndege kwenda India. Ni kujua mapema. Ni penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, chanjo ya nimonia ambayo tayari ipo kwenye ratiba ya chanjo nchini, kinga ya malaria, na mama anayejua kwamba homa kwa mtoto huyu ni dharura, haisubiri asubuhi. Baadaye kuna haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu.

Mtaniambia, "Dada, nchi maskini, maabara za vinasaba tutatoa wapi?" Nawajibu: njia ipo tayari! Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anachomwa kisiginoni akiwa na wiki chache, matone yanakaushwa kwenye karatasi, karatasi inasafirishwa kwenda maabara, majibu yanarudi. Watafiti wa Bugando kule Mwanza pamoja na wenzao walichukua karatasi hizo hizo za VVU, zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, wakazipima selimundu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018: mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Karatasi ile ile. Tone lile lile. Na siku hizi vipo vipimo vya haraka, vinavyofanana na kile cha malaria, vinavyotoa majibu mama akiwa bado kwenye benchi.

Tusidanganyane, yapo yaliyofanyika. Muhimbili ina programu ya selimundu tangu 2004, na Profesa Julie Makani ameifanya ijulikane duniani. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Tunawapongeza, tena kwa moyo mmoja. Lakini huduma ya vinasaba inayoanzia Dar es Salaam na Dodoma imeanzia juani, wakati mgonjwa yuko bondeni. Mtoto wa Matombo anahitaji ianzie kwenye zahanati, siku mama anapompeleka chanjo.

Sasa Katiba, kama nilivyoahidi.

Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa maradhi. Maneno mazuri kweli. Halafu rudi nyuma usome Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Nilipoisoma mara ya kwanza darasani nilifunga kitabu. Maana yake mama mdogo hawezi kwenda Mahakama Kuu na kusema kwa Ibara ya 11 nidaini huduma ya mwanangu. Inabaki Ibara ya 14, haki ya kuishi, na kuijenga hoja hiyo mahakamani ni kazi ya miaka.

Ndiyo maana tunadai Katiba Mpya yenye haki ya afya inayodaika. Watu wanadhani Katiba Mpya ni mambo ya tume ya uchaguzi tu. Hapana. Ni ya yule mtoto pia.

Mmeona wenyewe mwaka 2023. NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba wazazi walikuwa wanasajili watoto ambao tayari ni wagonjwa. Jamani! Mtoto wa selimundu anazaliwa nao. Atasajiliwa lini akiwa hana? Lakini kitu kinachoweza kuondolewa kwa tangazo, mwanasheria hakiiti haki.

Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Swali letu liwe moja: selimundu imo kwenye kitita cha msingi, kuanzia kipimo cha kuzaliwa mpaka haidroksiyurea? Ghana sio tajiri wa kututisha, lakini mwaka 2022 waliiingiza haidroksiyurea kwenye bima yao ya taifa.

Kingine ni ushauri nasaha. Mimi nilipima baada ya msiba. Ni mbebaji. Aliyenipa majibu aliniambia sentensi moja tu: "Angalia usije ukaolewa na mwenzio." Nikatoka nje na karatasi yangu. Nina mtu, ndiyo, msicheke. Ilinichukua wiki mbili kumwambia. Hakuna aliyenieleza kwamba ubebaji sio ugonjwa, kwamba uamuzi ni wetu wawili, kwamba yeye naye apime. Yeye bado hajapima, na sijui nitafanya nini akikutwa kama mimi. UKIMWI una sheria yake ya 2008 inayogusa ushauri, usiri na unyanyapaa. Vinasaba tuna sheria ya 2009, ila muulize mtu yeyote mtaani DNA ni ya nini, atakwambia ni ya kujua mtoto ni wa nani. Tunataka ijulikane pia kama njia ya kujua mtoto anahitaji nini.

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na mambo matatu.

Kwanza, kipimo cha selimundu kwa kila mtoto mchanga kiingie kwenye ilani yetu, kikianzia zahanati.

Pili, tusisubiri uchaguzi. Zahanati ni za halmashauri, bajeti yake inapita kwa madiwani, na kamati ya zahanati ina wajumbe wananchi. Nendeni Kinole, Mgeta, Mvuha, ulizeni: kipimo kipo? Penisilini ya watoto ipo? Andikeni majibu, tarehe na jina la kijiji, tuyapeleke kwa maandishi.

Tatu, pimeni. Wewe kijana unayenisikiliza, pima kabla hujapeleka posa, na ukijua usimkimbie mtu wala usimlaumu mama wa mtu.

Mama mdogo alijifungua tena mwaka jana, binti. Safari hii amepimwa mapema. Ni mbebaji, basi, anakimbiza kuku uwanjani. Mama mdogo alipiga simu usiku ule akilia na kucheka kwa pamoja. Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe ni kutoboa kisigino tu?"

Ndiyo, mama. Ni hicho tu.