Kupima Ufanisi wa Kazi za Chama



Watu wengi hudhani kuwa chama chenye mauzo makubwa ndicho chenye ufanisi. Dhana hiyo si sahihi. Ufanisi ni uwiano kati ya kinachotumika na kinachopatikana. Uwiano huo hauonekani kwa macho. Hupatikana kwa kupiga hesabu za daftari.

Chukueni mfano wa vyama viwili vya wakulima wa mpunga. Cha kwanza kimeuza kilo 200,000 na kutumia shilingi 8,000,000 kwa mishahara, usafiri, magunia na ghala. Cha pili kimeuza kilo 80,000 na kutumia shilingi 2,000,000. Kila kilo imegharimu shilingi 40 katika chama cha kwanza, na shilingi 25 katika cha pili. Hata kama bei ya soko ilikuwa moja, mwanachama aliyeleta kilo 1,000 kwenye chama kikubwa amebeba gharama ya shilingi 15,000 zaidi ya mwenzake.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza: gharama kwa kilo. Kitumike kwa uangalifu. Mwaka wa ukame mavuno hupungua, lakini mshahara wa mlinzi na kodi ya ghala havipungui. Hivyo gharama kwa kilo hupanda bila ya kosa la mtu. Aidha, kubana matumizi peke yake si ufanisi. Chama kilichokataa kununua turubai, kisha mpunga ukaloa mvua, hakikuokoa kitu.

Kipimo cha pili ni uzito. Zikipokelewa ghalani kilo 50,000 na kuuzwa kilo 49,000, kilo 2 katika kila 100 hazipo. Mpunga hukauka, kwa hiyo upungufu mdogo si ajabu. Lakini upungufu usioandikwa hauwezi kutofautishwa na wizi.

Kipimo cha tatu ni siku, tangu mkulima apewe stakabadhi hadi alipwe fedha zake. Mahali kama Mombo kipimo hiki kina umuhimu wa pekee. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905; leo hupita hapo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na ndipo inapoanzia barabara ya kupanda Soni na Lushoto. Mnunuzi mwenye lori na fedha taslimu hayuko mbali. Mkulima aliyeuguliwa na mtoto hawezi kungoja miezi miwili. Atauza kwa bei ya chini, na chama kitabaki na gharama zile zile juu ya kilo chache.

Tume Maalumu ya Rais ya mwaka 1966 iliona kuwa mojawapo ya udhaifu wa ushirika ni wanachama kutoelewa vyema shughuli za vyama vyao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, Serikali ilivunja vyama vikuu, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Kwa hiyo, katika Mkutano Mkuu, Katibu aandike ubaoni tarakimu hizo tatu, za mwaka huu kando ya za mwaka uliopita, na mwanachama aulize sababu ya kila iliyobadilika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa mbele ya wenye mali ni sawa na kutokuwapo.