Haki ya Mtoto Mwenye Ulemavu Shuleni na Madrasani

   

Miongoni mwa sahaba alikuwapo Abdullahi bin Ummi Maktum, naye alikuwa kipofu. Siku moja alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, na Mtume wakati huo alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi akitumaini watasilimu. Mtume akakunja uso. Na kwa ajili ya kipofu yule ikateremka Sura ya Abasa, ambayo ni ya 80 katika Kurani. Baadaye, huko Madina, Abdullahi alikuwa mwadhini pamoja na Bilal, na Mtume alipotoka kwenda vitani aliwahi kumwacha yeye awasalishe watu. Katika Ramadhani Bilal aliadhini kungali usiku, naye Ibn Ummi Maktum aliadhini alfajiri, watu wakakoma kula. Lakini mtu asiyeona aijuaje alfajiri? Hadithi sahihi imeeleza ya kuwa hakuadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Katika habari hiyo mna mafunzo makubwa. Mtu yule hakunyimwa kazi kwa sababu haoni, wala hakulazimishwa aone. Alipata wa kumwarifu tu, na adhana ikawa yake mwenyewe. Hivyo ndivyo apaswavyo kutendewa mtoto ambaye Mungu amemjaalia upungufu wa macho, wa masikio, wa viungo au wa wepesi wa kufahamu: asiachwe nyumbani, wala asidaiwe asichokiweza, bali atafutiwe wa kumwambia kumekucha.

Hapa Uganda mlango umefunguliwa. Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, kwanza iliwapokea watoto wanne wa kila nyumba, na mwenye ulemavu aliwekwa mbele katika hesabu hiyo. Sheria ya mwaka 2020 imekataza shule kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Chuo Kikuu cha Kyambogo huwafunza walimu wa watoto kama hao. Basi mara nyingine mwenye kuufunga mlango ni mzazi mwenyewe. Yuko amfichaye mtoto chumba cha nyuma wageni wajapo. Yuko apelekaye fedha zake zote kwa waganga, ikawa hana hata ya kununulia daftari. Na yuko asemaye, hii ni kudra ya Mungu, mwacheni akae. Kudra ni kweli. Lakini hata homa ni kudra, na mwenye homa hutafutiwa dawa.

Katika mji mmoja palikuwa na mtoto aliyerudia darasa la pili miaka mitatu. Shuleni aliitwa mjinga, nyumbani aliitwa mkaidi, na madrasani alichapwa kwa sababu akiulizwa hajibu. Nyanya yake ndiye aliyetambua ya kuwa mtoto hugeuka akiguswa, hageuki akiitwa kutoka nyuma. Alipopelekwa hospitali ikaonekana masikio yameharibiwa na usaha uliotoka tangu uchanga wake. Moja halisikii kabisa, na la pili husikia kwa shida. Tangu siku hiyo mwalimu wa shule akamkalisha mbele, akawa asemapo humwelekezea uso, na kila neno gumu huliandika ubaoni. Mwalimu wa madrasa alikwenda mpaka nyumbani kwao, akamwomba radhi mtoto yule mbele ya baba yake. Baba aliinamisha kichwa, kwani naye alikuwa amempiga kwa jambo lile lile. Mtoto hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuna aliyemtaka awe wa kwanza. Lakini alisoma, akamaliza darasa la saba.

Kwa hiyo yampasa mzazi, kabla mtoto hajaitwa mjinga, ampeleke apimwe macho na masikio. Kisha aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu na cheti cha daktari, aeleze hali ya mtoto bila kuona haya. Wakati wa kuandikishwa kwa mtihani wa darasa la saba auombe msaada mapema, asingoje asubuhi ya mtihani; kwani Baraza la Mitihani la Uganda huwapa watahiniwa wa namna hii nyongeza ya dakika 45, na kwa wasioona huchapwa karatasi za nukta, na kwa wenye uoni hafifu za herufi kubwa. Mwenye mtoto kiziwi na ajifunze lugha ya ishara pamoja na nduguze mtoto, maana Katiba ya mwaka 1995 imeagiza lugha hiyo ikuzwe, na ni aibu mtoto aongee na watu shuleni kisha awe bubu nyumbani kwao. Na mwenye kifafa asifukuzwe darasani wala msikitini. Kifafa hakiambukizi, na dawa inywewayo kila siku huwatuliza wengi.

Na madrasa isibaki nyuma. Kurani imekwisha chapwa kwa nukta, asiyeona aisome kwa vidole. Ikiwa jamaa za mtoto hawana uwezo wa kuinunua, hapo ndipo sadaka ya Waislamu ionekane.

Wako pia ambao hawatafika mbali katika kitabu. Hao wapimwe kwa walivyokuwa jana, si kwa wenzao. Wafundishwe udhu, sala na kazi ya mikono kadiri ya uwezo wao. Asiyefikia kupambanua mema na mabaya hana dhambi ya kuandikiwa. Mzazi wake anayo, akimtupa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi subira, walimu huruma, na watoto hawa elimu yenye manufaa. Amin.